Mzee wa Kanisa la Magodoro

Alikuwa anaanza na kuta. Ukifika naye mahali, iwe benki, iwe hospitali, iwe nyumbani kwa mfiwa, kabla hajampa mtu mkono atagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ko ko ko, atatega sikio, halafu atasema kwa sauti ya daktari mwenye majibu mabaya, "Jipsamu." Ndipo anageuka na kuitikia marahaba, hata kama hakuna aliyemwamkia bado. Sasa Houston hii karibu kila ukuta ni jipsamu, ubao wa chokaa ulio mtupu ndani, kwa hiyo unaweza kufikiria huyo mzee alivyokuwa anaishi kwa masikitiko.

Tulimwita Mzee wa Kanisa, maana ndicho kilikuwa cheo chake, na alikishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa ukuu wa wilaya. Kanisa lenyewe ni la Waanglikana wanaosali kwa Kiswahili huku Alief, mtaa wa Houston: Watanzania, Wakenya wengi, Wakongo wachache wenye sauti za kuimba, na mimi, Mlutheri wa kuzaliwa niliyeingia Uanglikana kwa sababu kanisa lilikuwa karibu na kwangu na maegesho hayasumbui. Tulikuwa tumepanga jengo lililokuwa duka la magodoro, katikati ya saluni ya kucha na fundi simu. Herufi za duka zilishang'olewa lakini alama zake zilibaki zinasomeka ukutani kwa nje. Chini yake tulitundika bango letu, hivyo mgeni akisoma haraka haraka alielewa kwamba Bwana anawaita wote waliochoka na kwamba magodoro yana punguzo.

Yeye alikuwa Mgogo na mimi ni Mhehe. Kwa asiyejua, hao ni watani. Babu zake na babu zangu waliibiana ng'ombe na kuchomana mikuki mpaka wakachoka, wakaona heri waendeleze vita kwa mdomo. Mtani wako anakutukana mbele za watu na wewe hukasiriki, na siku ukifa yeye ndiye anakuja kuushika msiba, anapika, anachekesha wafiwa, anaigiza ulivyokuwa unatembea. Huwezi kumnyima haki hiyo. Kwa hiyo mimi nilikuwa namwamkia shikamoo kama mzazi, yeye anajibu, "Marahaba, mwizi wa ng'ombe," kisha tunaendelea na ibada.

Na niseme mapema alichokuwa anakitaka, maana hakikuwa siri. Mkewe alifariki hapa hapa wakati wa korona, ndege haziruki wala hazitui. Mwili haukuweza kwenda. Bibi wa watu akazikwa kwenye makaburi ya upande huu wa mji, kati ya Mvietnamu na Mmeksiko, nafasi kidogo imebaki pande zote mbili, sisi wachache tumesimama mbalimbali na barakoa zetu. Tangu siku hiyo mzee alikuwa na neno moja tu: na yeye atazikwa pale, ubavuni pa mke wake, na kanisa lake ndilo litakalomzika. Mwanawe mkubwa, aliyeko nyumbani, alikataa katakata. Kwa mila zetu maiti inarudi, kila mtu anajua. Huku Texas hatuna kazi nyingine ila kuchangishana tusafirishe watu. Binti yake, nesi aliyekuwa anakaa naye, hakuwa na ubavu wa kumpinga kaka yake. Basi mzee akawa anasukuma shauri lake peke yake, kwa njia zake, na njia zake zote zilipitia Uingereza.

Uingereza alipelekwa na serikali zamani, kusomea mambo ya utawala. Akapanga chumba katika kijiji kimoja, na Jumapili moja akaingia kanisa la kijiji hicho ili kukwepa mvua. Mwenyewe alikuwa anasema, "Niliingia kukwepa mvua, nikatoka baada ya mwaka." Humo alimkuta mwanamke mmoja mzee anapanga maua, akamshika mkono akamwonyesha kila jiwe, na huyu bwana ambaye alitakiwa kusoma bajeti akasoma matao.

Lilikuwa kanisa la zama za kati, lililojengwa na watu wa kijiji kwa mamia ya miaka, kila kizazi kikiongeza chake na kuharibu cha mwenzake. Nguzo za upande wa kaskazini zilibeba matao ya duara, manene, ya zamani kabisa. Za upande wa kusini zilibeba matao yenye ncha, maana zilijengwa baadaye, kijiji kilipotajirika kwa sufu ya kondoo. Ukisimama katikati, kulia na kushoto havifanani. "Na hakuna aliyeona aibu!" mzee alikuwa anasema, akitutazama sisi kama ndio tuliotaka kuwe na aibu. Sehemu ya madhabahu ilikuwa imepinda kidogo, haiko sawa na ukumbi wa waumini. Wenyeji walidai ni makusudi, ati inafuata kichwa cha Yesu kilivyoinama msalabani. Mzee hakukubali. "Fundi alikosea," anasema, "na kasisi akatafuta maelezo. Mpaka leo ndiyo kazi ya makasisi." Mchungaji wetu, Mkenya mpole mwenye shahada nyingi, alikuwa akifika hapo anatazama saa.

Kulikuwa na sehemu moja aliyokuwa anaisimulia kuliko zote. Kwenye ukuta wa mnara palikuwa na mstari unaoonekana kwa macho: chini mawe yamechongwa vizuri, juu yamepangwa ovyo ovyo. Tauni ilipita, mafundi wakafa, ukuta ukabaki nusu miaka mingi, halafu wakaja wengine wasiojua kuchonga, wakamalizia hivyo hivyo walivyoweza. Aliisimulia kwenye semina, kwenye harusi, kwenye kipaimara cha watoto. Baada ya mkewe kufariki hakuisimulia tena, na hakuna aliyemwomba.

Mgeni akija kanisani kwetu mara ya kwanza alikuwa hawezi kupata chai kabla ya kutembezwa. Mzee analisoma duka la magodoro kama alivyosoma kanisa la kijiji. Anamsimamisha mgeni kwenye zulia. "Umeona hapa sakafu inapanda kidogo? Hiki ni kipindi cha pili." Kipindi cha kwanza, kwa utafiti wake, jengo lilikuwa mgahawa wa Kichina, na ushahidi ni kwamba mwezi wa Agosti, joto likizidi, kuta za upande wa nyuma hutoa harufu ya kitunguu saumu. Kipindi cha pili ni magodoro. Kipindi cha tatu ni Bwana. Anamwonyesha mlango uliozibwa, anamwonyesha tundu ambalo bomba lilipita, anagonga ukuta, ko ko ko. Mgeni mmoja, kijana aliyekuja kutafuta mchumba, alinikamata kando akaniuliza, "Mama, hii ni ibada ama ni real estate?" Nikamwambia avumilie, sisi wote tumepitia.

Tukija kwenye mashariki sasa. Makanisa yale ya zamani madhabahu yake iko mashariki, na waumini wanaelekea huko, anakotarajiwa kutokea Bwana. Hata wafu walizikwa miguu ikielekea mashariki, ili siku ya kuinuka wasimame tayari wanatazama. Sisi madhabahu yetu ilikuwa magharibi, ukuta wa nyuma, karibu na choo. Mzee hakulala usingizi kwa jambo hilo. Kila kikao cha halmashauri ya kanisa, tukifika kwenye mengineyo, anasimama: "Kanisa lisilojua mashariki yake ni banda."

"Mzee, hii kitu ita-work aje?" Mchungaji alimwuliza. "Mlango uko huo upande wa east. Watu wataingilia wapi?"

"Wataingia kwa adabu."

Mtu mmoja akamtania kwamba anataka tu tuelekee nyumbani, maana ukitoka Texas nyumbani ni mashariki. Akawaka. "Kwenu ni Musoma! Mimi sisemi habari za Musoma, nasema habari za ufufuo!" Mabishano yalichukua Kwaresima nzima, na mwishowe Mchungaji akakubali, nadhani kwa uchovu, tukageuza viti vyote na kuibeba madhabahu mpaka mbele ya vioo vya duka, pembeni ya mlango.

Hakuna aliyefikiria mambo mawili. La kwanza ni jua. Saa nne asubuhi jua la Houston lilipita kwenye vile vioo likatupiga machoni, Mchungaji akawa kivuli cheusi kinachoongea, na usharika mzima ukavaa miwani ya jua. Wakongo wa kwaya walionekana wa maana sana. La pili ni sisi wenyewe na saa zetu. Ibada ikitangazwa saa nne, mwenye bidii anafika saa nne na nusu, na zamani alikuwa ananyata kwa nyuma, anakaa, anainamisha kichwa kama aliyekuwepo tangu uumbaji. Sasa mlango uko mbele, hatua mbili kutoka kwa Mchungaji. Kila aliyechelewa aliingia akitazamana na watu wote.

Na vile vioo, kwa nje, mchana ni kama kioo cha kujitazamia; wa nje hamwoni wa ndani. Mimi siku hiyo nilikuwa natoka zamu ya hospitali, nimebadilisha nguo ndani ya gari, kitenge kimekaa upande. Nikasimama mbele ya kioo. Nikatengeneza kilemba. Nikaangalia meno. Nikapandisha gauni nikavuta taiti mpaka kiunoni, kwa nguvu, nikiruka ruka. Ndani walikuwa wanaungama dhambi, na mimi niko juu ya bega la Mchungaji kama picha ya ukutani. Nilipofungua mlango nikakuta miwani ya jua yote imenielekea mimi. Mzee wa Kanisa alisimama, akanionyesha kiti kwa mkono, akasema bila kipaza sauti lakini kwa sauti ya kutosha, "Karibu, Mhehe. Tumeshakuona." Nilikaa. Siku ile nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote, utani kando.

Lakini nitasema ukweli, baada ya wiki chache watu wakaanza kuwahi. Wakenya, Watanzania, Wakongo, saa nne kasorobo maegesho yamejaa. Mchungaji alikuwa haamini macho yake. Mzee akatembea mwezi mzima akiwa amenyoosha shingo.

Ushindi huo ukamlevya. Akatuletea habari za mlango wa shetani. Kanisa la kijijini kwake lilikuwa na mlango mdogo upande wa kaskazini, na inasemekana wakati wa ubatizo uliachwa wazi ili shetani anayemtoka mtoto apate pa kupitia. Yeye mwenyewe, muulize vizuri, anakiri kwamba wasomi wengi wanabisha, na kwamba pengine ulikuwa mlango tu. Hiyo haikumzuia. Siku ya ubatizo wa pacha wa familia moja ya Nakuru, Mchungaji alipofika kwenye "unamkataa Shetani na kazi zake zote?" mzee akausukuma mlango wetu wa kaskazini.

Mlango wetu wa kaskazini ni mlango wa dharura. King'ora kikalia jengo zima. Pacha wakapiga kelele, bibi yao akaanguka magotini akinena kwa lugha, saluni ya kucha wakatoka nje na wateja wao vidole vimenyooshwa hewani. Zimamoto wakafika na gari kubwa. Kiongozi wao, jitu refu, akauliza nani amefungua mlango. Mzee akajitokeza na kumweleza kwa Kiingereza chake kizuri kuhusu kaskazini, ubatizo, na zama za kati. Yule bwana akamsikiliza mpaka mwisho, kofia mkononi.

"Kwa hiyo ametoka?" akauliza.

"Nani?"

"Shetani."

"Kwa kelele ile?" mzee akasema. "Atakuwa ameshafika Dallas."

Usidhani alikuwa mtu wa kueleweka. Alipenda mawe lakini alikaa miaka yote kwenye apartment yenye zulia la rangi ya uji, na alikuwa wa kwanza kulalamika zulia likilowa. Alilihubiri baridi la makanisa ya kale kwamba linaamsha roho, halafu anachagua kiti chini ya kiyoyozi na kulala kabla ya somo la pili. Aliwasifu Waingereza kwa matao na hakuwasamehe kwa chai. Alisema walimpa maji ya kuoshea vikombe mwaka mzima. Barabarani alikuwa balaa. Kwenye barabara kuu ambayo malori yanapita kama yamefukuzwa, yeye anakwenda polepole katikati, anatazama kulia na kushoto majengo ya ibada ya watu, na kila akiona mnara anaonyesha kwa kidole: "Plastiki."

Alikuwa mkali kwa watu wazima na laini kwa watoto. Watoto wetu, ambao ukiwaita kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, walikuwa wanamfuata nyuma wanagonga kuta. Alipogundua kuwa makanisa ya zamani yalikuwa na picha kubwa ukutani za siku ya hukumu, mashetani wanamburuza muuza pombe aliyepunja vipimo, aliwapa watoto rangi wachore ya kwetu juu ya karatasi ndefu. Walichora vizuri. Katika wale wanaokwenda motoni kulikuwa na mwanamke mwenye kilemba anavuta taiti. Nililalamika rasmi. Mzee akasema sanaa ya kanisa haina mwandishi.

Utani huo wote ulikuwa unazunguka shauri moja. Nililiona kwenye makaburi. Siku tulipomzika mkewe, wengine wakishatawanyika kwenye magari, yeye alibaki, akatoa simu, akafungua dira. Nilikuwa nimebaki nyuma kumsubiri. Akaiweka simu kiganjani, akageuka geuka, uso ukamwanguka. "Hawajamlaza mashariki," akaniambia. "Wamemwelekeza kwenye duka la matairi." Akafikiri kidogo, akasema, "Haidhuru. Akiinuka atageuka kidogo tu, yeye hakuwa mzito." Nikalia pale kuliko nilivyolia wakati wa mazishi.

Kilichomtoa machozi yeye kwenye lile kanisa la kijiji, aliniambia baadaye, hakikuwa matao. Ni kwamba makaburi yalikuwa mlangoni. Jumapili unakwenda kusali, unampita baba yako, unampita shangazi, unampita yule jirani mliyekuwa hamsalimiani, ndipo unaingia. "Kanisa lisilo na wafu wake ni ukumbi wa harusi," alikuwa anasema, na akisema hivyo hatanii. Alitaka watu wake wampite. Kule nyumbani, alisema, wanaomjua wameshatangulia wote. Wajukuu watakaopita pale hawajui hata sura yake.

Tulipoanza kufikiria kununua kiwanja chetu, tukaona kimoja Stafford, mji wa jirani, yeye bila kumwambia mtu akavaa suti akaenda kuuliza kwenye ofisi moja ya mji kama nyuma ya kanisa panaweza kuwa na makaburi. Binti wa dirishani, kwa jinsi alivyotusimulia mwenyewe, alikuwa na adabu sana.

"Mnataka kumzika nani, bwana?"

"Mimi."

Binti akaweka kalamu chini. "Lini?"

"Sina haraka," mzee akajibu.

Walimpa kahawa wakamwita mkubwa wao, na mkubwa akaeleza habari za mifereji ya maji na sheria za ardhi, na jibu lilikuwa hapana. Mzee alirudi amefurahi kwa sababu ukuta wa ofisi ile ulikuwa tofali. Lakini kikao kilichofuata hakusimama kwenye mengineyo, na Mchungaji mwenyewe akauliza kama anaumwa.

Halafu binti yake akapata kazi hospitali kubwa kule Fort Worth, mwendo wa saa nne kwa gari, akahama, naye akahama. Mzee wa kanisa asiye na kanisa. Tulimuaga kwa pilau na hotuba, na mimi kwa haki yangu ya mtani nikaigiza alivyokuwa anagonga kuta, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Alikuwa anatazama upande wa makaburi, ingawa kutoka pale hayaonekani.

Mwaka jana nilikwenda Dallas kwenye harusi, na Jumamosi mchana kabla ya sherehe nikaendesha mpaka Fort Worth kumwona. Nilimkuta kwenye kiti karibu na dirisha, amekonda, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola. Nikapiga goti, shikamoo.

"Marahaba, mwizi wa ng'ombe. Mnaelekea wapi siku hizi?"

"Mashariki, mzee. Tumeweka mapazia kwa sababu ya jua."

"Na yeye? Nani anampitia?"

Nilijua ataniuliza. Nikamwambia kwamba akina mama tumeweka utaratibu, Jumapili ya kwanza ya mwezi tukitoka kanisani tunakwenda na magari yetu, tunaimba wimbo, tunampa habari. Mara ya kwanza mama mmoja wa Singida alikuja na jembe, akaanza kulima kuzunguka kaburi, mlinzi akaja mbio na kakigari kake akipiga kelele kwamba majani yale ni ya bei. Mzee akaanza kwa kukasirika. "Jembe! Pale si shamba la viazi." Halafu akatoa kitambaa, akafuta macho waziwazi wala hakujificha.

Binti yake alikuwa ametoka jikoni na chai. "Dada, bora ujue," akaniambia. "Kaka ameshajenga kaburi la baba kule nyumbani. Ametuma picha. Ameweka na vigae."

"Vigae!" mzee akasema. "Nikalale bafuni?"

Tulicheka, lakini binti hakucheka. Simu ikaita, alikuwa huyo huyo kaka, ndiyo siku yake ya kupiga. Binti akaiweka spika mezani. Salamu zikaenda, hali ya hewa, wajukuu, kisha yule bwana akasema kwa sauti ya mtu aliyekwisha amua, "Baba, vigae vimekauka. Usiwe na wasiwasi tena." Mzee, aliyebishana na Mchungaji Kwaresima nzima, akatazama chini. Nikaona hapa mtu anashindwa mbele yangu.

"Hujambo, Mgogo," nikasema.

"Nani huyo?"

"Mtani wako. Mhehe, ninayesali na baba yako. Kaburi nimelisikia, hongera, zuri. Ila nikuambie kabisa: siku mtakapomshusha humo, mtanikuta nimekaa ndani."

Pale mezani binti akashika mdomo. Wao wanajua, na mimi najua, hilo si la mchezo. Mtani anaweza kuingia kaburini akakaa, na hakuna wa kumvuta mkono. Jeneza linasubiri, kasisi anasubiri, mpaka apewe anachotaka. Wengine wanataka kuku, wengine wanataka soda. Yule bwana akajaribu kucheka.

"Haya, mtani. Utataka nini utoke? Mbuzi?"

"Nitataka mama yako," nikasema. "Umlete hapo nilipokaa, alale na mumewe, nitatoka. Kama huwezi kumleta, basi usimtenganishe na huyu."

Kisha tukasikia mtu mzima anavuta pumzi kwa shida.

"Mama yangu nilimzika kwenye simu," akasema. "Niliona mgongo wa mtu na majani. Basi. Sikushika hata udongo. Mnataka na baba nimzike kwenye simu?"

Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Nilimwona ni mkaidi tu wa mila.

Mzee ndiye aliyejibu. Akaisogelea simu. "Mwanangu, njoo. Njoo ningali hai, nikupeleke kwa mama yako, ushike udongo unaotaka. Halafu utapaona nitakapolala, utapaonyesha kwa kidole mwenyewe. Usinisubiri kwenye sanduku."

"Na visa je, Baba?"

"Utaomba. Wakikunyima, utaomba tena. Mimi sina haraka ya kufa."

"Na hivi vigae?"

"Fugia kuku."

Yule bwana akacheka huku analia, dada yake naye hivyo hivyo, na mimi nikatafuta kazi ya kufanya na kikombe cha chai. Hakusema ndiyo kwa mdomo wake. Alisema, "Mtani, kama nitachelewa, mnisubiri," nikamwahidi kwamba hatutamshusha bila yeye kufika, kwa kuwa majokofu ya huku ni mavumilivu. Akaaga.

Nilipoinuka niende harusini, mzee akanishika kiganja. "Na wewe, Mhehe," akasema, "utazikwa wapi?"

"Iringa, mzee. Mimi nitarudishwa."

"Nani yuko Iringa?"

Nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Mama hayupo. Dada yangu hayupo. Mwanangu wa pekee yuko Houston, na Kiswahili anajibu kwa Kiingereza.

"Upande wa kushoto wa mke wangu kuna nafasi," mzee akasema. "Nilipima."

Nikamwambia Mhehe halali karibu na Mgogo, ng'ombe watapotea. Akacheka mpaka akakohoa, binti yake akaja kumpiga mgongo. Nikatoka, nikaingia kwenye gari na nguo zangu za harusi, nikakaa pale juani bila kuwasha. Baada ya muda nikampigia mwanangu simu. Akapokea, akaniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hapana, ila Jumapili ya kwanza ya mwezi nataka twende pamoja, kuna mahali nataka apajue.